MTENDA YUKO WAPI? UHAKIKI WA MSAMIATI WA BIASHARA YA KIMATAIFA KATIKA KISWAHILI

UTANGULIZI

Mnamo mwezi wa Desemba mwaka 2015 mawaziri wa nchi wanachama wa Shirika la Biashara Duniani walikutana mjini Nairobi, katika Jumba la Mikutano ya Kimataifa la Kenyatta. Huo ulikuwa mkutano wa kwanza wa mawaziri wa shirika hilo kufanyika katika ardhi ya Afrika tangu lilipoanza kazi tarehe 1 Januari 1995. Miongoni mwa mambo yaliyoamuliwa ni kuondolewa kwa ruzuku zinazotolewa na serikali kwa mazao ya kilimo yanayouzwa nchi za nje, na zao la pamba lilipewa azimio lake la pekee. Lilikuwa basi jambo lenye kumhusu moja kwa moja mkulima wa Afrika. Lakini lugha rasmi za shirika hilo ni tatu: Kiingereza, Kifaransa na Kihispania. Yaliyosemwa Nairobi yaliweza kumfikia mwananchi wa Nairobi asiyejua lugha hizo kwa njia ya tafsiri peke yake, iwe tafsiri ya mtangazaji wa redio, ya mwandishi wa gazeti au ya mwanasiasa jukwaani.

Makala haya hayakusudii kupima kama maamuzi hayo yalikuwa mema au mabaya. Kazi hiyo ni ya wanauchumi. Yanakusudia kuyahakiki maneno yenyewe ambayo kwayo habari za namna hiyo hufikishwa kwa msemaji wa Kiswahili. Yatayatazama maneno hayo kama mhakiki wa fasihi anavyoitazama tamthilia: yatauliza ni nani anayetenda, ni nani anayetendwa, ni nani anayetendewa, na ni nani aliyefichwa nyuma ya pazia. Hoja inayotetewa ni kwamba msamiati wa biashara uliokua katika Kiswahili tangu miaka ya 1980 una tabia moja kuu: humtaja mtenda pale anapotoa, na humficha pale anapotwaa. Tabia hiyo si ya lugha ya Kiswahili kwa asili yake. Ni tabia iliyopokewa, na kwa hiyo yaweza kukosolewa.

TABAKA LA KWANZA: MSAMIATI WA PWANI

Hapana shaka kwamba Kiswahili ni lugha iliyolelewa na biashara. Neno forodha limetoka katika Kiarabu, na mahali palipokuwa na nyumba ya kutozea ushuru Unguja pangali panaitwa Forodhani. Neno bandari lina asili ya Kiajemi. Neno ushuru lina shina moja na neno la Kiarabu lenye maana ya sehemu moja katika kumi, shina lile lile lililo katika ashara. Bei, faida, hasara, rehani, riba, dalali, hamali na shirika ni maneno ya jamii hiyo hiyo. Hata neno tajiri, ambalo leo humaanisha mwenye mali nyingi, katika lugha lilikotoka lilimaanisha mfanyabiashara tu. Historia ya pwani imo ndani ya badiliko hilo la maana: aliyefanya biashara ndiye aliyetajirika, na jina la kazi likawa jina la hali.

Jambo la kuzingatiwa katika tabaka hili ni kwamba maneno yake huandamana na watu. Penye deni pana mwia na mdeni. Penye rehani pana aliyeweka na aliyeshika. Penye mnada pana dalali, penye mzigo pana hamali, na penye ushuru pana mtozaji anayejulikana kwa jina na baraza analokalia. Methali isemayo kuwa dawa ya deni ni kulipa haina fumbo lolote. Wote wawili, mlipaji na mlipwaji, wanaonekana. Neno riba nalo lilikuja likiwa limebeba hukumu ya sheria ya dini, wala halikuweza kutamkwa kana kwamba ni hesabu tupu.

Uwazi huo waonekana pia katika mikataba ya wakati ule. Tarehe 21 Septemba 1833 Seyyid Said alitiliana mkataba wa biashara na mjumbe wa Marekani, Edmund Roberts. Mkataba huo uliweka ushuru wa asilimia 5 juu ya bidhaa za Wamarekani zinazoshushwa katika bandari za Sultani. Nguo za pamba zilizofumwa katika viwanda vya Massachusetts zikaenea Afrika Mashariki, na wenyeji wakazipa jina la nchi zilikotoka: merikani. Nguo hizo zilifungwa mitumba, na wapagazi wakaibeba mitumba hiyo vichwani na mabegani hadi Tabora na Ujiji. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani vya mwaka 1861 hadi 1865 vilipokatiza biashara hiyo, nguo za Uingereza na za Bombay zilichukua nafasi, lakini jina la merikani lilibaki. Aliyevaa merikani alijua, kwa kulitamka jina la vazi lake tu, kwamba limetoka kwa watu fulani, ng'ambo fulani.

Hata hivyo, itakuwa kosa kubwa kudhani kwamba msamiati wa kale haukuwa na dhambi. Biashara ile ile iliyoleta merikani ilisafirisha pia binadamu, na neno lililotumika kwa binadamu hao ni mtumwa. Kisarufi neno hili latokana na kitenzi tuma katika kauli ya kutendwa: mtumwa ni yule anayetumwa. Katika umbo hilo anayetuma hayumo. Mateso yote ya safari ya kutoka bara hadi pwani yamefinywa katika kiambishi kimoja cha kutendwa, -w-, na mtenda akatoka katika neno bila kuulizwa. Basi ustadi wa kumficha mtenda haukuanza na mashirika ya fedha ya karne ya ishirini. Ulikuwako tangu zamani, tena katika mahali palipouma zaidi. Tofauti ni kwamba zamani ulikuwa katika neno hili na lile, ilhali leo umekuwa desturi ya msamiati mzima.

TABAKA LA PILI: BEPARI NA KUPE

Tabaka la pili ni la miaka ya 1960 na 1970, na kitovu chake kilikuwa Tanzania. Neno bepari lina asili ya Kihindi, na maana yake ya kwanza ilikuwa mfanyabiashara. Mwaka 1969 Mwalimu Julius Nyerere alipoitafsiri tamthilia ya Shakespeare ihusuyo mfanyabiashara wa Venisi, aliipa jina la Mabepari wa Venisi. Hakutumia neno wafanyabiashara wala matajiri, na jina alilolichagua liko katika wingi ingawa jina la Kiingereza liko katika umoja. Uteuzi huo wa neno moja ni uhakiki kamili wa tamthilia ile. Ulifanywa miaka miwili baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, wakati maneno kama vile mnyonyaji, kabaila na kupe yalikuwa yamekwisha kupata makao katika hotuba, magazetini na madarasani.

Nguvu ya tabaka hili ilikuwa kumtaja mtenda waziwazi. Kupe ni mdudu ajulikanaye na kila mfugaji. Haihitajiki kamusi ili kufahamu anachofanya na anamfanyia nani. Lakini udhaifu wake nao ulikuwa hapo hapo. Neno lililokwisha kuhukumu kabla ya ushahidi kusikizwa humtaja mtenda kwa haraka mno, na mara nyingi humtaja yule aliye karibu. Mwaka 1983 ilipotungwa Tanzania sheria dhidi ya uhujumu uchumi, mlanguzi alitafutwa katika maduka na maghala ya mitaani. Walanguzi walikuwako, hilo halikanushiki. Lakini mafuta yaliyopanda bei duniani mwaka 1973 na tena mwaka 1979 hayakupandishiwa dukani. Msamiati wa kupe ulikuwa na jina la mwenye duka aliyeficha sabuni, lakini haukuwa na jina jepesi la soko la mbali lililopanga ni magunia mangapi ya kahawa yatakayonunua trekta moja.

Kenya ilifuata njia nyingine, na Waraka wa Bunge Na. 10 wa mwaka 1965, uliozungumzia ujamaa wa Kiafrika, uliandikwa kwa Kiingereza. Kwa sababu hiyo tabaka hili la pili liliwafikia Wakenya zaidi kwa njia ya vitabu na redio kuliko kwa njia ya siasa ya serikali yao. Tabaka la tatu, kinyume chake, lilizifikia nchi zote kwa wakati mmoja.

TABAKA LA TATU: MSAMIATI WA SOKO HURIA

Kenya ilipata mkopo wake wa kwanza wa marekebisho ya uchumi kutoka Benki ya Dunia mwaka 1980. Tanzania iliingia katika njia hiyo baada ya Ali Hassan Mwinyi kushika urais mwaka 1985, na wananchi wakampa jina la Mzee Ruksa. Jina hilo la utani lina thamani kubwa kwa mhakiki. Ruksa haitoki hewani. Hutolewa na mwenye mamlaka kwa mwenye kuomba. Wananchi, kwa ulimi wao wenyewe, walimtia mtenda ndani ya siasa mpya tangu siku za mwanzo. Wasomi na watafsiri ndio waliomtoa.

Neno la kwanza la kuchunguzwa ni marekebisho. Kurekebisha ni kukinyosha kilichopinda au kukitengeneza kilichoharibika. Anayesema kuwa uchumi unarekebishwa amekwisha kukubali, kabla ya mjadala kuanza, kwamba uchumi ulikuwa umepinda na kwamba kinachofanywa ni kuunyosha. Anayepinga hana budi kuonekana mtetezi wa upotovu. Tume iliyosimamia uuzaji wa mashirika ya umma Tanzania ilipewa jina la tume ya kuyarekebisha mashirika hayo. Kuuza hakukutajwa katika jina.

La pili ni soko huria. Huria na uhuru ni maneno ya shina moja. Msemaji aliyeshuhudia bendera zikipandishwa mwaka 1961 au 1963 husikia katika huria mwangwi wa siku ile. Lakini katika uhuru aliyekuwa huru alikuwa mtu; katika soko huria aliye huru ni soko. Mtu ndani ya soko hilo hatajwi. Yumkini yuko huru, yumkini hayuko, neno halisemi. Hivyo vazi la ukombozi limevishwa kitu kingine, na mwenye vazi amesimama kando akitazama.

La tatu ni utandawazi. Neno hili limeundwa kwa ustadi wa kupigiwa mfano: kitenzi tanda kimeungwa na wazi, na umbo lililopatikana linatamkika, ni fupi na linakubali kanuni za ngeli. Lakini yafaa kuuliza ni vitu gani hutanda katika Kiswahili. Wingu hutanda, giza hutanda, ukungu hutanda, utando wa buibui hutanda. Isipokuwa buibui, ambaye naye mara nyingi haonekani, vitu hivi havina mtenda. Binadamu hujifunika, hukimbilia ndani au hungoja kupambazuke. Hamwulizi mtu kwa nini wingu limetanda. Baadhi ya waandishi wametumia utandaridhi mahali pake, na humo sikio husikia kuridhi, kana kwamba kilichotanda kimekwisha kukubaliwa na waliotandiwa. Maneno yote mawili yamewafanya watu waongee juu ya mikataba iliyotiwa sahihi na watu wenye majina kama wanavyoongea juu ya masika.

La nne ni ruzuku, na hapa mhakiki anaingia mahali penye kina. Ruzuku na riziki ni ndugu wa shina moja. Katika matumizi ya asili mwenye kuruzuku ni Mwenyezi Mungu. Mwaka 2003 nchi nne za Afrika Magharibi, yaani Benin, Burkina Faso, Chad na Mali, zilipolalamika mbele ya Shirika la Biashara Duniani kwamba fedha wanazopewa wakulima wa pamba wa nchi tajiri zinaangusha bei ya pamba yao, lalamiko hilo katika Kiswahili liliweza kusemwa kuwa ni lalamiko dhidi ya ruzuku. Mkulima wa Kiafrika anaambiwa kwamba mwenzake wa Marekani ameruzukiwa. Ni mtu gani mcha Mungu atakayegombana na riziki ya mwenziwe? Neno limegeuza uamuzi wa bunge kuwa majaliwa.

Hata vitenzi vya kawaida vimeingia katika mkumbo huu. Viwanda vya nguo vya Kenya vilivyofungwa wakati wa kulegezwa kwa masharti ya biashara vilisemekana kuwa vimeanguka. KICOMI ya Kisumu ilianguka. Rivatex ya Eldoret ilianguka, hata ikanunuliwa na Chuo Kikuu cha Moi mwaka 2007. Embe huanguka likiiva. Kiwanda hufungwa, hufilisiwa, hunyimwa pamba au hunyang'anywa wanunuzi. Vivyo hivyo bei hupanda na shilingi hushuka, kila kimoja kwa miguu yake.

MTENDA ANAPOJITOKEZA

Msomaji mwangalifu atapinga kwamba msamiati huu mpya nao unao watenda wake: yuko mwekezaji, yuko mfadhili, yuko mhisani. Pingamizi hili ni la haki, na likichunguzwa ndipo hoja ya makala haya inapopata nguvu.

Mwekezaji ni neno lililotokana na weka. Humwonyesha mtu akiwa katika tendo la kuweka kitu. Kwamba anaweka ili baadaye atoe zaidi ya alichoweka, na kwamba hilo ni haki ya kila afanyaye biashara, ni jambo linalojulikana. Lakini hakuna nomino iliyozoeleka ya kumwita mtu huyo siku anapotoa. Amepewa jina la asubuhi, hana jina la jioni. Methali ya mgeni njoo mwenyeji apone hutajwa sana katika hafla za kumkaribisha. Haitajwi siku ya kuhesabu ni nani aliyepona.

Mfadhili na mhisani ni maneno ya fadhila na hisani. Yametumiwa kwa mataifa na mabenki yanayotoa misaada, na hilo si kosa. Lakini yametumiwa pia kwa wale wanaotoa mikopo yenye masharti na muda wa kulipa, na hilo ni kosa la maana. Kiswahili kina mkopeshaji, kina mdai, kina na mwia, neno kongwe na zuri lililoachwa livu. Anayeitwa mkopeshaji aweza kuulizwa kiwango cha riba. Anayeitwa mfadhili hulizwi isipokuwa shukrani, na anayemwuliza zaidi ya hapo huambiwa kuwa fadhila ya punda ni mateke. Neno moja tu limemgeuza mdeni mwenye haki ya kusoma mkataba wake akawa punda.

Kanuni basi yaonekana. Tendo likiwa la kutoa, msamiati hutumia nomino ya mtu, ya ngeli ya m-wa: mwekezaji, mfadhili, mhisani. Tendo likiwa la kutwaa au kupoteza, msamiati hutumia nomino ya dhana, ya umbo la u-: ubinafsishaji, upunguzaji, ulegezaji, utandawazi. Wema una uso, hasara haina. Katika orodha hiyo neno moja tu limewaponyoka waundaji wake. Ubinafsishaji, kwa kuwa limesimama juu ya binafsi, halikuweza kujitenga na ndugu yake ubinafsi. Kila linapotamkwa, choyo husikika kwa mbali. Hilo halikukusudiwa, ni lugha iliyojitetea yenyewe.

MFANO WA MITUMBA

Ili hoja isielee hewani, yafaa itazamwe katika kisa kimoja kilichotokea. Mwezi wa Machi 2016 wakuu wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki waliafikiana mjini Arusha kupunguza hatua kwa hatua uingizaji wa nguo na viatu vilivyokwisha kuvaliwa, ili viwanda vya nguo vya kanda vipate nafasi. Mwaka huo huo Rwanda ilipandisha ushuru wa nguo hizo kutoka dola 0.20 hadi dola 2.50 kwa kila kilo. Mwezi wa Machi 2017 chama cha wafanyabiashara wa nguo hizo cha Marekani kilipeleka malalamiko kwa serikali yake, kikidai kwamba uamuzi wa Arusha unakiuka masharti ya sheria ya AGOA ya mwaka 2000, ambayo wakati huo iliruhusu bidhaa nyingi za Afrika kuingia Marekani bila kutozwa ushuru. Kenya ilijiondoa katika mpango huo mwaka 2017. Nchi nyingine nazo zililegea. Rwanda ilishikilia uamuzi wake, na mwishoni mwa Julai 2018 Marekani ikasimamisha nafuu ya ushuru kwa nguo za Rwanda.

Kisa hiki kina pande zaidi ya mbili. Wako wafumaji waliopoteza kazi. Wako pia wachuuzi wa Gikomba na Kongowea wanaoishi kwa kufungua belo, na wako wazazi ambao mtumba ndio uwezo wao wa kumvika mtoto. Uhakiki wa lugha hauna mamlaka ya kuamua baina yao. Lakini waweza kuuliza ni maneno gani waliyokuwa nayo ili wabishane.

Jibu ni la kustaajabisha. Maneno yaliyotoka juu yalikuwa yale yale ya tabaka la tatu: fursa, ushindani, soko, utandawazi. Maneno yaliyotoka chini yalikuwa ya namna nyingine kabisa. Nguo zenyewe ziliitwa mitumba, jina lile lile la furushi alilobeba mpagazi wa karne ya kumi na tisa. Kati ya mkataba wa Seyyid Said wa mwaka 1833 na adhabu iliyotolewa kwa Rwanda mwaka 2018 ni miaka 185, na katika nyakati zote mbili kilichobishaniwa kilikuwa nguo, ushuru na Marekani. Wakati ule ilikuja merikani mpya. Wakati huu nguo iliyokwisha kuvaliwa. Mtumba ulibaki mtumba. Jina lake halisifu wala halilaumu. Linasema tu kwamba hiki ni kitu kilichofungwa mahali pengine na kubebwa hadi hapa. Aliyefunga na aliyebeba wamo ndani ya jina.

Kabla ya neno mitumba kushika, yalikuwako majina mengine ya mzaha, na kali kuliko yote lilikuwa kafa Ulaya. Wanaisimu hawakulijali jina hili kwa kuwa ni la mitaani. Lakini kisarufi ni sentensi kamili: ina kiima, ina kitenzi, ina mahali. Asiyesoma somo lolote la uchumi aliweza kueleza katika maneno mawili nguo hiyo ilitoka wapi, ilikuwa ya nani na kwa nini imefika. Sentensi hiyo yaweza kuwa si kweli, kwa maana waliozitoa nguo hizo wengi wao hawakuwa wamekufa. Lakini inakubali kuulizwa kama ni kweli. Neno utandawazi halikubali hata hilo. Haliwezi kuwa kweli wala uongo.

KIPIMO KINACHOPENDEKEZWA

Kwa muda mrefu wataalamu wa istilahi wamelipima neno jipya kwa vipimo vya umbo: liwe fupi, litamkike, lifuate ngeli, lizae maneno mengine, lilingane na maana ya neno la kigeni. Vipimo hivyo ni vya lazima, lakini havitoshi. Neno utandawazi laweza kuvipita vyote na bado likamwacha mkulima bila kinywa. Inapendekezwa kiongezwe kipimo kimoja zaidi: je, neno hili laweza kurudishwa katika kitenzi chenye mtenda, mtendwa na mtendewa?

Kiswahili kimebarikiwa sana katika jambo hili. Kitenzi chake hubeba kiambishi cha mtenda, kiambishi cha mtendwa au mtendewa, na kauli ya kutendea inayodai kujua tendo limefanywa kwa ajili ya nani. Tuchukue tangazo kwamba ushuru umeondolewa. Kauli hii ya kutendwa haina watu. Ikirudishwa katika kauli ya kutendea, huwa: serikali imewaondolea waagizaji wa sukari ushuru. Mara moja watu watatu wamejitokeza: aliyeondoa, walioondolewa, na yule ambaye hakutajwa, yaani mkulima wa miwa, ambaye sasa aweza kuuliza mbona yeye hakuondolewa chochote. Vivyo hivyo na ulegezaji wa masharti: nani amemlegezea nani? Na ubinafsishaji: nani amembinafsishia nani kiwanda cha nani? Swali hili la mwisho lina mtenda, mtendewa, mtendwa na mmiliki wa kwanza, na halikuhitaji msamiati mpya hata kidogo. Kwa utandawazi jaribio hushindwa; hakuna anayesema kwa kawaida kwamba fulani amemtandawazia fulani. Kushindwa huko si sababu ya kulifuta neno lililokwisha kuenea, bali ni onyo kwamba halifai kuachwa peke yake katika sentensi. Lifuatwe kila mara na mkataba wenye jina, mwaka na watia sahihi.

Yaweza kupingwa kwamba lugha za Ulaya nazo huficha watenda katika nyaraka zao, na kwamba Kiswahili kimefuata tu. Ni kweli. Lakini mtafsiri si mfereji wa maji. Kiingereza kikificha mtenda kwa sababu ya desturi ya ofisi, Kiswahili hakilazimiki kumficha kwa sababu ya adabu ya tafsiri. Pale ambapo mkopo ni mkopo, mtoaji na aitwe mkopeshaji. Pale ambapo ruzuku ni fedha za kodi zilizopigiwa kura na bunge, bunge na litajwe katika sentensi, ili riziki ibaki kwa Mwenye kuruzuku.

HITIMISHO

Mkataba wa Eneo Huru la Biashara la Bara la Afrika ulitiwa sahihi mjini Kigali tarehe 21 Machi 2018, na biashara chini yake ikaanza rasmi tarehe 1 Januari 2021. Uliandikwa katika lugha nne zenye uzito sawa kisheria: Kiarabu, Kiingereza, Kifaransa na Kireno. Kiswahili hakikuwamo. Mwezi wa Februari 2022 Umoja wa Afrika ulikikubali Kiswahili kuwa miongoni mwa lugha zake za kazi, na nchini Kenya Katiba ya mwaka 2010 ilikuwa imekwisha kukifanya lugha ya taifa na lugha rasmi. Mlango basi umefunguliwa, na kazi ya kutafsiri mikataba ya biashara haitakosa wa kuifanya.

Lakini kuingia kwa Kiswahili katika vyumba vya mikutano hakutakuwa ushindi ikiwa kitaingia humo na msamiati wa mawingu. Msemaji wa lugha hii atakuwa amepewa mkataba wake kwa maneno anayoyatamka na asiyoweza kuyauliza kitu. Idara za lugha ndizo zinazofunza watafsiri, watangazaji na waandishi watakaoifanya kazi hiyo. Kila mwanafunzi anayepita humo akifunzwa kuunda istilahi afunzwe pia kuihoji, tena kwa kutumia sarufi ile ile anayoifanyia mtihani. Mchuuzi wa Gikomba anaifahamu sarufi hiyo tangu utotoni. Akiambiwa kwamba ushuru umeondolewa, swali lake la kwanza ni la kauli ya kutendea: umeondolewa nani? Tafsiri itakayomwezesha kulijibu swali hilo kwa kuusoma mkataba wenyewe ndiyo itakayostahili kuitwa tafsiri ya Kiswahili.